Sauti iliyopita bado imo kidoleni

Vaa vipokea sauti. Kidole kimoja kiwe juu ya kitufe cha kushoto, kingine juu ya cha kulia. Ukisikia "kulia", bonyeza cha kulia. Ukisikia "kushoto", bonyeza cha kushoto. Neno litaingia sikio moja tu, na sikio lenyewe halihusiki na jibu.

J. Richard Simon na A. P. Rudell walifanya zoezi hili Marekani mwaka 1967, kwa maneno ya Kiingereza. Ingawa sikio halikuhusika, neno "kulia" lilipoingia sikio la kushoto watu walichelewa kubonyeza. Kwa Kiswahili kuna jambo jingine la kuangalia: maneno yote mawili yanaanza na "ku", hivyo hakuna la kuamua hadi silabi ya pili. Anayehesabu muda tangu mwanzo wa neno anambebesha msikilizaji ucheleweshaji usio wake.

Lakini kuchelewa kunakoletwa na sikio hakulingani kila mara. Ikiwa neno lililotangulia nalo liligongana na sikio lake, tofauti hupungua sana, hata pengine kutoweka. Wapo waliosema ubongo ukishakumbana na mgongano hujihadhari. Mwaka 2004 Bernhard Hommel, Robert Proctor na Kim-Phuong Vu walileta maelezo mengine, ambayo mimi naona hayapuuziki: neno, upande na kitufe hufungwa pamoja kama mzigo mmoja. Vyote vikijirudia, mzigo hutumika ulivyo. Vyote vikibadilika, huachwa. Tabu ni pale neno linaporudi lakini kwa sikio jingine. Hapo lazima fundo lifunguliwe kwanza, na kufungua huchukua muda.

Kosa nalo huacha alama. Patrick Rabbitt alionyesha mwaka 1966 kwamba mtu akishakosea, jibu linalofuata huja polepole zaidi.

Ndiyo maana huniuma kuona majibu mia mbili yamekusanywa, yakapigwa wastani, na mpangilio wake ukatupwa. Tuseme msikilizaji amejibu "kulia" kwa milisekunde 610, kisha neno lilelile kwa 520. Kwenye wastani hizo ni namba mbili tu. Kwenye mpangilio utaona kwamba kabla ya ile 610 alikuwa amebonyeza kitufe kisicho sahihi, na kabla ya ile 520 alikuwa amesikia "kulia" hiyohiyo, sikio lilelile.