Viziwi Mbele ya Magonjwa ya Kuambukiza

Kampeni nyingi za afya katika Afrika Mashariki hutegemea sauti: matangazo ya redio, kipaza sauti juu ya gari linalozunguka mitaani, mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo kipindupindu kinapozuka, kiziwi huwa hatarini zaidi, si kwa kuwa mwili wake ni dhaifu, bali kwa kuwa habari humfikia ikiwa imechelewa na imepunguzwa na aliyemsimulia.

Wengi hudhani kwamba maandishi yanatosha kuziba pengo hilo. Ukweli ni kwamba lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake, na aliyezaliwa kiziwi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili ambayo hajapata kuisikia, hivyo bango linalotaja “magonjwa nyemelezi”, yaani yale yanayomvamia mtu ambaye kinga yake imeshuka, huenda lisimwambie lolote. Barakoa za mwaka 2020 ziliongeza ugumu, kwani zilificha midomo na pia uso, ambao katika lugha ya alama hubeba sehemu ya sarufi yenyewe.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni usiri. Kiziwi anayetaka kupima virusi vya UKIMWI akilazimika kutafsiriwa na dada yake au jirani, ni nani atakayeeleza waziwazi habari za wapenzi wake? Nchini Kenya, shirika la LVCT lilijibu swali hilo miaka ya 2000 kwa kuanzisha huduma ya ushauri nasaha na upimaji ambamo washauri wenyewe walikuwa viziwi, utaratibu unaomwondoa kabisa mtu wa tatu chumbani.

Uhusiano kati ya uziwi na maambukizi una upande wa pili, usiotajwa sana. Homa ya uti wa mgongo, ambayo ni uvimbe wa utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, huweza kuharibu usikivu, na rubela ikimpata mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Dawa nazo zina madhara yake: kanamaisini, sindano iliyotumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu, huua chembe za usikivu zilizo ndani ya sikio, ambazo hazioti tena, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba halipendekezi tena dawa hiyo katika matibabu hayo. Aliyepata uziwi ukubwani kwa njia hiyo kwa kawaida hajui lugha ya alama, kwa hiyo mkalimani hatamsaidia. Yeye huhitaji karatasi na kalamu, pamoja na muuguzi asiyekatisha mazungumzo kwa sababu foleni ni ndefu.