Umeme Ukikatika, Faili la Mama Lionekane

Hospitali nyingi siku hizi hutunza habari za wagonjwa katika kompyuta. Mama akifikishwa leba usiku huku anavuja damu, mkunga anahitaji majibu ya maabara mara moja. Kompyuta za leba na maabara zisipowasiliana, dakika za thamani hupotea.

Hapa Mbozi, ambako Wamoravian walianza misheni mwaka 1899, twaijua radi ya wakati wa mvua. Waya wa mtandao wa shaba haupaswi kuzidi mita 100, tena huweza kupitisha madhara ya radi toka jengo hadi jengo. Kati ya majengo, afadhali waya wa nyuzi za kioo, usiopitisha umeme.

Leba, maabara na chumba cha dawa viunganishwe kwa waya. Mtandao usio na waya humfaa muuguzi anayezunguka wodini, lakini kuta nene huudhoofisha. Basi kila wodi iwe na kirusha mawimbi chake.

Kompyuta kuu ikiwa hapo hapo hospitalini, intaneti ikikatika kazi huendelea. Nakala za faili zitunzwe jengo jingine.

Tuwakumbuke wanawali wenye busara waliobeba mafuta ya akiba. Betri za akiba ziwepo, na fomu za karatasi pia.

Kwa hiyo, tunapochangia hospitali zetu, tusiulize tu kompyuta ni ngapi. Tuulize: umeme ukikatika usiku wa leo, je, mkunga ataliona faili la mama?