Reli ya Mkia wa Nguruwe

Je, msomaji, ukitaka kwenda mahali palipo umbali wa kilomita kumi hivi, utakubali kupanda gari litakalokuzungusha kilomita 25? Bila shaka utasema dereva amerukwa na akili. Lakini kusini mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Uswisi, kuna reli iliyojengwa hivyo makusudi.

Ni reli ya bonde la mto Wutach, kati ya Weizen na Blumberg. Wenyeji huiita Sauschwänzlebahn, yaani reli ya mkia wa nguruwe, kwa jinsi ilivyojikunja.

Mbona ikajengwa hivyo? Sababu ilikuwa vita. Baada ya kuishinda Ufaransa mwaka wa 1871, Ujerumani ilitwaa Alsace na kutaka njia ya kupelekea majeshi huko. Reli iliyokuwapo ilipitia ardhi ya Uswisi, nchi isiyoegemea upande wowote vitani na isiyoruhusu wanajeshi wa kigeni kupita. Ikabidi itafutwe njia nyingine.

Hapo wahandisi wakakabiliwa na mlima. Blumberg iko juu ya Weizen kwa mita 231, na garimoshi la makaa lililobeba mizinga haliwezi kukwea mwinuko mkali. Dawa ikawa ni kuirefusha njia ili ipande polepole, mita moja tu kwa kila mita 100. Walichimba mahandaki sita. Moja, la Stockhalde, lina urefu wa mita 1,700, na garimoshi huzunguka duara humo ndani kabla ya kutokeza nje. Huko Epfenhofen wakajenga daraja la mita 264. Kazi iliyoanza mwaka wa 1887 ilikamilika mwaka wa 1890.

Sasa jiweke mahali pa mkulima anayekwenda sokoni. Jenerali alipata njia ya mizinga yake. Mkulima alipata mizunguko. Ndiyo sababu hutashangaa kusikia kwamba magari ya abiria yalikoma mwaka wa 1955, na reli ikafungwa kabisa mwanzoni mwa mwaka wa 1976.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1977 wapenzi wa magarimoshi ya makaa waliifufua kwa ajili ya watalii. Leo familia hulipa nauli ili zizungushwe, watoto wakichungulia madirishani kuona kijiji kilekile kikipita tena na tena.