Bastola ya Kukimbia Nayo

Mwezi Februari 2010 gavana wa Texas, Rick Perry, alikuwa akikimbia asubuhi na mapema katika vilima vya Austin. Walinzi hakuwa nao. Aliyefuatana naye ni mbwa mchanga wa binti yake. Mara akatokea koyote, mnyama wa ukoo wa mbweha na mbwamwitu, akaanza kumnyemelea yule mbwa. Gavana akachomoa bastola, akamwekea nukta ya leza, akafyatua. Habari zilipofika magazetini mwezi Aprili, wengine walicheka na wengine wakapiga makofi. Perry mwenyewe alieleza kwamba hukimbia na bastola kwa kuwa anaogopa nyoka. Kampuni ya Ruger haikuiacha biashara ipite: ikatoa toleo maalumu la bastola yake ndogo ya kaliba .380, ikaliita Coyote Special.

Katika kelele zote hizo, swali la kiufundi halikupata nafasi. Mtu aliyevaa kaptula na fulana iliyolowa jasho anaificha wapi bastola, na inawezaje isimpige mbavu kila anapokanyaga?

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako raia mwenye bastola kihalali ni mmoja kati ya wachache waliopitia mlolongo wa vibali, swali lenyewe huenda likamshangaza. Marekani ni tofauti. Zaidi ya nusu ya majimbo yake hayamtaki mtu mzima awe na kibali chochote ili abebe bastola iliyofichwa, na mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ilifuta sharti lililodumu New York kwa zaidi ya karne, lililomtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee ya kuihitaji. Wakimbiaji nao wana sababu zao. Njia za milimani magharibi ya nchi zina puma. Vijijini kuna mbwa wasiofungwa. Mjini Memphis, Septemba 2022, mwalimu mmoja aliyekuwa akikimbia kabla ya mapambazuko alitekwa na kuuawa, na wanawake wengi wakabadili saa zao za mazoezi.

Upande wa pili wa suala hilo ni Ahmaud Arbery, kijana mweusi aliyekuwa akikimbia mikono mitupu karibu na Brunswick, Georgia, Februari 2020. Wazungu watatu walimfukuza kwa magari, na mmoja wao akampiga risasi; wote watatu walikutwa na hatia ya mauaji mwaka uliofuata. Sidhani kwamba bastola kiunoni ingemwokoa. Mtu mweusi anayekimbia huku fulana yake ikionyesha umbo la silaha anabeba hatari ambayo gavana wa Texas hakuwahi kuibeba, na Waafrika Mashariki wanaofanyia mazoezi huko wangefanya vyema kuliwaza hilo kabla ya kufika dukani.

Turudi kwenye chombo chenyewe. Bastola iliyoibadili biashara hii ni Ruger LCP, iliyoingia sokoni mwaka 2008. Wajuzi waliona mara moja kwamba inafanana mno na P-3AT, bastola iliyotolewa mwaka 2003 na kampuni ya Kel-Tec ya huko Florida, kazi ya Msweden George Kellgren. LCP ina urefu wa sentimita 13, unene wa sentimita 2, na uzito wa kama gramu 270 kabla ya kujazwa. Ikiwa na risasi zake 7, sita kwenye magazini na moja ndani ya mtutu, inafika gramu 340 hivi, uzito wa simu moja na nusu.

Wepesi huo ulitoka wapi? Wengi watajibu plastiki, na hawakosei kabisa. Fremu ya LCP ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Wajerumani wa Heckler & Koch walikuwa wametengeneza bastola yenye fremu ya plastiki tangu 1970, lakini aliyeifanya dunia iiamini ni Gaston Glock wa Austria, ambaye bastola yake ilikubaliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Plastiki inafaa hapo kwa sababu fremu haibebi nguvu kubwa ya mlipuko. Shinikizo la gesi hubebwa na mtutu pamoja na kile kipande cha juu cha chuma kinachokwenda nyuma na kurudi kila risasi inapotoka. Fremu huwashikilia tu hao wawili na kuwaonyesha njia.

Siri kubwa zaidi imo katika hicho kipande cha juu, na hapa tunamfikia John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, mwaka 1855. Risasi ya .380 ni yake, nayo ilitoka mwaka 1908. Aliifanya dhaifu kwa makusudi, ili itumike katika bastola isiyo na kufuli lolote: baruti inapowaka, kinachozuia ganda lisiruke nyuma mapema ni uzito wa chuma na ukaidi wa springi, basi. Walther PPK ya mwaka 1931, ile iliyopata umaarufu katika sinema za James Bond, hufanya kazi hivyo hivyo. Ndiyo maana ni nzito, karibu gramu 600 kwa kaliba hiyo, na kuikoki kunataka vidole vyenye nguvu.

Lakini Browning huyo huyo, kwa ajili ya risasi kubwa za kijeshi, alibuni njia nyingine. Mtutu na kipande cha juu hufungana, hurudi nyuma pamoja milimita chache huku risasi ikimalizia safari yake ndani ya mtutu, kisha mtutu huinama kwa nyuma na kumwachilia mwenzake. Kwa kuwa kufuli ndilo linalozuia mlipuko, chuma hakina haja tena ya kuwa kizito. Wahandisi wa Florida walichofanya ni kuichukua risasi ambayo Browning aliikusudia bastola zisizo na kufuli, wakaitia katika bastola yenye kufuli la Browning. Ghafla zaidi ya nusu ya uzito ikawa haina kazi.

Kazi moja, hata hivyo, ilikuwa nayo: kumlinda mpigaji. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, msukumo unaoipeleka risasi mbele ndio unaoirudisha bastola mkononi. Risasi ya .380 ina gramu 6 hivi na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 290 kwa sekunde. Piga hesabu, bila kuweka gesi ya baruti, utaona kwamba LCP iliyojaa hurudi nyuma kwa mita 5 kwa sekunde, wakati PPK iliyojaa hurudi kwa nusu ya mwendo huo. Nishati inayomfikia mpigaji kiganjani ni mara mbili, tena inapita katika mpini mwembamba unaoshikwa kwa vidole viwili. Wenye LCP wengi hukiri kwamba kufanyia mazoezi bastola hiyo ni adhabu.

Kuna walioufikisha wepesi mbali zaidi ya hapo. Smith & Wesson wana rivolva, 340PD, yenye fremu ya alumini iliyotiwa skandiamu na silinda ya titani. Tupu ina kama gramu 340, nayo inapiga risasi za .357 Magnum. Hiyo hurudi nyuma kwa kishindo kikali kiasi kwamba risasi ambazo hazijapigwa bado, zikiwa zimekaa kwenye silinda, zinaweza kuanza kuchomoka katika maganda yake na kuikwamisha silinda isizunguke. Binafsi naona huko wahandisi walishinda hesabu ya mizani wakamsahau mwenye mkono.

Halafu kuna kulenga. Umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele kwenye bastola hizi ni kama sentimita 10. Alama ikihama milimita moja tu, kwa shabaha iliyo mita 10 umekosea sentimita 10. Sasa mpe kazi hiyo mtu ambaye moyo unadunda mara 160 kwa dakika na kifua kinapanda na kushuka. Wanamichezo wa bayathloni, wanaoteleza kwenye theluji kisha wakasimama kupiga shabaha, hujifunza kwa miaka namna ya kuituliza pumzi, nao hutumia bunduki ambayo kanuni inataka isipungue kilo 3.5. Uzito huo wanaubeba mgongoni kwa mikanda, na ndio unaowatulizia mtutu. Leza ya gavana haikuwa mbwembwe.

Bayathloni inafundisha na jambo la pili: mkimbiaji humudu uzito uliofungwa vizuri, hata wa kilo kadhaa. Kinachomtesa ni kitu kinachocheza. Kwa hiyo mtu akiniuliza achague bastola gani ya kukimbia nayo, ningemwambia aanze na ala, bastola ifuate.

Mkimbiaji wa kawaida hukanyaga ardhi kama mara 170 kwa dakika, na kiwiliwili chake hupanda na kushuka sentimita kadhaa kila hatua. Mguu unapogusa chini, ardhi humsukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na kila alichokibeba huonja mtikiso huo. Mkanda wa mpira ulioshika bastola ni springi yenye mzigo, na kila springi ina mdundo wake. Ukilingana na mdundo wa hatua, kila hatua huongezea pale ilipoachia iliyotangulia, na baada ya kilomita moja bastola inaruka kuliko mwenyewe. Fizikia inatoa kipimo rahisi: ikiwa mkanda unashuka sentimita 3 kwa uzito wa bastola peke yake, mdundo wake ni karibu mara 170 kwa dakika, yaani umejichagulia ala mbaya kuliko zote. Ukishuka nusu sentimita tu, mdundo unapanda zaidi ya mara 400 kwa dakika, mbali na hatua za mtu yeyote. Kipimo hiki kinaweza kufanywa nyumbani kwa kitu chochote cha uzito huo, na kiwe kitu kingine, si bastola iliyojaa.

Mahali penye nafuu ni karibu na kiuno au chini kidogo ya kifua, ambapo mwili haupepesuki sana. Mshipi mpana wa tumbo unaokaza pande zote hufanya vizuri. Mkoba wa kiunoni uliojaa funguo na simu hufanya vibaya. Mfukoni mwa kaptula usijaribu.

Kukaza peke yake hakutoshi, kwani sharti kuu la ala ni kukifunika kifyatulio kwa kitu kigumu. Mwezi Novemba 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants aliyeipatia timu yake bao la ubingwa mapema mwaka huo, aliingia katika klabu ya usiku Manhattan na bastola ya Glock iliyochomekwa kiunoni bila ala. Ikaanza kuteleza mguuni. Akaidaka. Kidole kikagusa kifyatulio, risasi ikampitia pajani. Kibali cha New York hakuwa nacho, akafungwa karibu miezi 20. Huyo hata hakuwa akikimbia.

Kitambaa cha mpira, hata kikiwa kinene, kinaweza kubonyezwa na kifyatulio kikabonyezwa nacho. Kwa hiyo mshipi mzuri huwa na ganda gumu ndani yake, mara nyingi la Kydex, plastiki iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuta za ndani za ndege. Ikipashwa moto hulainika na kuchukua umbo la bastola yenyewe. Ikipoa inaishika kwa mlio mdogo unaojulisha kwamba imekaa. Haifyonzi jasho, jambo ambalo ngozi haiwezi kulisema. Kuhusu kuanguka, tusijidanganye kwamba vyuma havidondoki: mwezi Oktoba 2008, miezi michache baada ya kuzindua LCP, Ruger waliziita kiwandani bastola za awali kwa kuwa zingeweza kufyatuka zikianguka zikiwa na risasi mtutuni, wakazirekebisha bure.

Jasho ni adui asiyetangazwa madukani. Mtu anaweza kutoa lita moja kwa saa, na chumvi iliyomo huanza kutoboa chuma kwa vidoa vidogo, hata kile kinachouzwa kwa jina la chuma kisichoshika kutu. Baada ya kila mbio bastola hutolewa risasi, hufutwa na kupakwa mafuta kidogo, yasifike kwenye fataki za risasi.

Hapo ndipo desturi njema huzaa tatizo lake. Anayekimbia mara tano kwa wiki, na kila akirudi akaitoa risasi mtutuni na kesho yake akairudisha ile ile, anaipigisha pua kwenye njia ya kuingilia mara tano kwa wiki. Kidogo kidogo ncha huzama ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua, na siku ikiwaka shinikizo huwa kubwa kuliko lililokusudiwa. Kuigundua ni rahisi: isimamishe mezani kando ya risasi mpya kutoka boksi lile lile. Iliyofupika haipigwi tena, inatengwa.