Kujilinda Nafsi Katika Shauri la Kuua

Katika mazungumzo yetu ya leo tutatazama neno moja lisikikalo mara nyingi katika mashauri ya kuua, nalo ni hili: "Nalimpiga kwa kuwa alitaka kuniua." Je, sheria hulipokeaje neno hilo? Na ni nani apaswaye kulithibitisha?

Tuchukue mfano. Tuseme kwamba huko Masama, katika miteremko ya Kilimanjaro, majirani wawili wagombea usiku zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia vihamba. Mmoja aja na panga, amwinulia mwenzake. Yule wa pili ana jembe tu. Ampiga nalo mara moja, na mwenye panga aanguka, afa. Sheria ya Tanzania yampa kila mtu haki ya kuulinda mwili wake, au mwili wa mtu mwingine, au mali yake, kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyopo. Na mtu akiwa na sababu ya kweli ya kuogopa kwamba atauawa au kuumizwa vibaya, haki hiyo yaweza kufika hata kuua, naye hana kosa.

Lakini tuugeuze mfano kidogo. Panga limekwisha kumtoka mkononi yule wa kwanza, naye amelala chini. Hata hivyo mwenye jembe ampiga mara ya pili na ya tatu. Hapo hatari imekwisha, na iliyobaki ni hasira. Aliyeanza kwa kujilinda, kisha akapita kiasi hata akaua, huonekana na kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Na mahakama ikiona kwamba alipiga ili kulipa kisasi, hilo ni kosa la mauaji ya kukusudia. Basi, nusu dakika yaweza kumtenga mtu huru na mtu aliyehukumiwa kifo. Wazee walisema kweli: hasira, hasara.

Sasa, ni nani apaswaye kuthibitisha? Watu wengi hudhani kwamba aliyesema "nalijilinda" hana budi kuleta ushahidi wa kutosha. Sivyo. Mwaka 1935 huko Uingereza kijana mmoja mfanyakazi wa shamba, jina lake Reginald Woolmington, alihukumiwa kifo kwa kumpiga risasi mkewe. Yeye alisema bunduki ililia kwa bahati mbaya, lakini jaji aliliambia baraza la wazee kwamba ilimpasa mshtakiwa mwenyewe kuonyesha hivyo. Mahakama ya juu kabisa ikaifuta hukumu ile, ikasema kwamba ni juu ya Serikali kuthibitisha kosa pasipo shaka. Kanuni hiyo hufuatwa katika mahakama zetu, na hata katika dai la kujilinda: likiisha kuonekana katika ushahidi, ni kazi ya Serikali kulivunja. Shaka ya haki ikibaki, mshtakiwa huipata yeye. Katiba ya Tanzania nayo yasema kwamba mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike, na kwamba apewe haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani.

Shauri la mauaji la mtu wa Masama husikizwa na Mahakama Kuu, Moshi. Asiporidhika, huenda Mahakama ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya kwisha ile ya Afrika Mashariki. Katika rufani majaji huupima upya ushahidi wote: ni nani aliyemjia mwenziwe, majeraha yalikuwa mangapi, je, mshtakiwa angaliweza kukimbia salama? Lakini kwa kawaida hawawaiti mashahidi tena; husoma yaliyoandikwa. Panga ambalo hakuna aliyelitaja Moshi, halimo katika maandishi yale.

Na hapa ndipo penye wajibu wetu wanakijiji. Ni desturi yetu kutomsema vibaya marehemu, na shahidi akiona jamaa za marehemu wameketi mbele yake, huona vigumu kusema, "Marehemu alikuwa na panga." Mwingine, kwa kumpenda mshtakiwa, huyaficha mapigo ya pili na ya tatu. Wote wawili huidhulumu haki. Yafaa basi mahali pa tukio pasiguswe, silaha isifichwe, na kila aliyeona aseme mapema yale aliyoyaona, yote, wala asiongeze. Mshtakiwa naye aseme tangu siku ya kwanza kwamba alijilinda, kwa maana dai lililochelewa hutiliwa mashaka.

Jamaa za marehemu wana haki ya kujua jinsi ndugu yao alivyokufa, na mshtakiwa ana haki ya kutohukumiwa kwa uvumi. Haki hizo mbili hutimizwa kwa njia moja: kusema kweli yote mapema, kungali na wa kuisikiliza.