Kompyuta Kuukuu na Mfumo Mpya

Katika mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg na ambao mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, maduka ya stesheni, yale yanayochapa barua, kutoa kopi na kuwajazia vijana fomu za maombi ya vyuo, hayakosi kompyuta iliyokwisha kumtumikia mtu mwingine kabla ya kufika Rungwe. Mashine hizo, ambazo kibodi zao ni nzima na skrini zao zang'aa, zimehukumiwa uzee kwa amri iliyotoka mbali: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuutolea mfumo wa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, na Windows 11, mrithi wake, hudai kichakata cha karibuni pamoja na kifaa cha kutunza siri kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambavyo kompyuta kuukuu aghalabu hazina.

Mwenye mashine ya namna hiyo, asiyetaka kuitupa wala kupigiwa tena windo isiyo na leseni, ana ikhtiari ya kuhamia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa kufuata taratibu za Unix iliyozaliwa Marekani mwaka 1969. Katika matawi yake mengi, lijulikanalo sana ni Ubuntu, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Halina bei; gharama yake ni bando, maana faili lake la kusakinishia hupita gigabaiti 5, na kwa hiyo yafaa mmoja apakue na wenziwe wanakili kwake.

Anayehama huogopa kwamba yote aliyoyajua yatapotea, na hofu hiyo ina asili katika namna alivyofundishwa. Mafunzo mengi ya mitaani hukaririsha mahali pa vitufe, nayo husahau kusema kwamba nyuma ya vitufe iko programu kuu, mfumo endeshi, ambayo kazi yake ni ile ile katika kila mashine: kugawa kumbukumbu, kupanga zamu za kichakata, kutunza mafaili, na kutoa au kunyima idhini. Aliyezielewa kazi hizi atababaika siku chache. Aliyekariri vitufe atababaika kila skrini inapobadilishwa rangi.

Kuonja mfumo mpya hakuhitaji ujasiri. Kompyuta huwashwa huku kitufe cha F12, F9 au Esc kikibonyezwa, kwa kadiri ya mtengenezaji, ili isome flashi iliyoandikwa faili lile la kusakinishia badala ya diski. Mfumo hupakiwa katika kumbukumbu, mtu akaandika, akajaribu Wi-Fi na sauti, na akizima hukuta diski yake kama ilivyokuwa, mradi hakubonyeza penye kusakinisha.

Humo ataitafuta diski ya C, aliyoizoea kwenye Windows, asiione. Herufi hiyo ni urithi wa zama ambazo A na B zilikuwa za diski laini. Linux huanza katika mzizi mmoja, ulioandikwa kwa mstari wa mshazari, na diski, flashi na folda za kila mtumiaji hupatikana chini yake. Tena hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hata mwalimu aliyehifadhi faili la "Matokeo" leo na la "matokeo" kesho atakuwa na mafaili mawili, na huenda akachapa lile lisilo sahihi.

Walakini jambo linalowaumiza wahamiaji kuliko yote ni flashi. Mtu akinakili faili, Linux huliweka kwanza katika kumbukumbu, iliyo nyepesi mno kuliko flashi, kisha hutangaza kwamba kazi imekwisha ingawa sehemu ya data haijaandikwa mahali pake. Ni mfano wa banda la kununulia chai kijijini: mkulima amepimiwa majani, karani ameandika kilo zake, naye ashika njia akijua yamekwisha, ilhali lori la kiwanda halijafika na majani yangali sakafuni. Windows nayo hutumia akiba hiyo, lakini kwa flashi huipunguza, ndipo watu wakazoea kuchomoa tu. Kwenye Linux sharti ibonyezwe alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, kisha mtu asubiri mpaka mfumo umpe ruhusa. Asiyesubiri atafika shuleni na mtihani nusu. Umeme ukikatika, diski ya ndani ina hadhari yake: mfumo wa mafaili uitwao ext4 huandika katika daftari badiliko unalotaka kulifanya kabla ya kulifanya, na umeme ukirudi husoma daftari hilo ukatengeneza kilichovurugika. Barua ambayo haikuhifadhiwa, hiyo imekwenda.

Flashi hiyo hiyo huleta pia furaha. Kirusi kinachoficha folda na kuacha vijishotikati mahali pake huwatoa walimu jasho, lakini ikichomekwa kwenye Linux, ambayo kwa kawaida haijali alama ya kuficha iliyowekwa kwa desturi ya Windows, folda zote huonekana, na vile vijishotikati havina la kufanya.

Programu za kuongeza huchukuliwa katika bohari ya mfumo wenyewe, kwa nywila ya mwenye idhini. Humo imo LibreOffice, programu ya kazi za ofisi iliyo mrithi wa OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifasiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, jitihada iliyostahili kushangiliwa kuliko ilivyoshangiliwa.

Lakini zipo programu za hesabu zilizotungwa kwa Windows peke yake, na zipo printa ambazo watengenezaji wake hawakuikumbuka Linux. Wenye haja nazo hugawa diski, wakaweka mifumo miwili, na kompyuta ikiwashwa huwauliza waingie upi. Nakala za mafaili yote ziwe zimekwisha kutolewa nje kabla diski haijaguswa. Kwa duka la stesheni, printa ndiyo ijaribiwe kwanza, mfumo ukiwa bado ndani ya flashi, kwa kuchapa ukurasa mmoja wa maandishi matupu na mwingine wenye picha.