Mswada wa Tukio Linalomzunguka Mtazamaji

Katika sinema ya kawaida mwongozaji ndiye amchaguliaye mtazamaji la kuona. Uhalisia pepe humnyang'anya mamlaka hayo: mtazamaji huvaa miwani ifunikayo macho, na picha humzunguka nyuzi 360. Miwani iliyo mingi huonyesha nyuzi 100 hivi kwa wakati mmoja. Zaidi ya theluthi mbili za tukio, basi, hazionekani.

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa Bweranyange, Karagwe, mwaka 1861, Speke na Grant wakipokewa na Mfalme Rumanyika. Mtunzi akiandika tu kwamba wageni wanaingia, huenda mtazamaji wakati huo anawakodolea macho ng'ombe upande wa pili, na tukio zima likampita. Dawa yake ni sauti, kwa kuwa sikio husikia hata ya kisogoni. Mswada hauna budi kutaja ngoma inalia wapi, tuseme nyuma kushoto, kisha umpe mtazamaji sekunde kadhaa za kugeuka kabla wageni hawajatokea.

Kijana wa Karagwe au Kyerwa, aliyesikia hadithi za mashujaa zikiimbwa kwa nanga, hana haja ya kuanza na mashine (ambazo ni ghali mno). Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa kwanza filamu fupi ya katuni, *Yellow Fever*, mwaka 2012. *Nairobi Berries*, ya uhalisia pepe, ilifuata mwaka 2017. Kijana wetu aandike mchezo wa redio, achore duara, mtazamaji akae katikati, na kila sauti ipewe mahali pake. Mtayarishaji ataomba kuuona mchoro huo.